Pete za Taa

Asubuhi alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, dereva wa lori la mikate alisoma maandishi madogo ya chupa ya dawa, akasoma jina kwenye kifua cha nesi, kisha akasoma bango la magodoro ng'ambo ya barabara. Alisoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyetembelewa na mkaguzi.

"Miwani nimpe nani sasa?"

"Mpe mbuzi," alisema daktari wa upasuaji, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye siku hiyo kichwa kilimvimba.

Lenzi aliyomwekea baada ya kumtoa mtoto wa jicho ilikuwa ya masafa matatu: karibu, kati na mbali. Kila mgonjwa daktari alimuuliza kama anapenda kusoma. Kaka yake hakumuuliza anaendesha lori saa ngapi. Alijua. Mikate husafiri gizani.

Jioni ile kila taa ilivaa pete.

"Mdogo wangu, taa zina pete," kaka alisema kwenye simu.

"Ni kawaida. Ubongo utazoea."

"Ubongo wa nani?"

Baadaye pete zilianza kudondoka. Zilitoka kwenye taa za magari yaliyokuja mbele yake, zikagonga kioo, zikabingirika nyuma ya lori mpaka nyumbani, vuguvugu, upana wa sinia. Mkewe alizipanga sebuleni. Kubwa alianikia nguo, ndogo aliwekea masufuria. Alilalamika tu kwamba zinashika vumbi.

"Shemeji, kalia hiyo," alimwambia daktari alipokuja. "Viti vimejaa."

Kaka alikuwa ameshika ufunguo wa lori.

"Kesho naurudisha. Jana nimekwepa pete nikaingia mtaroni, mikate yote ikaoga. Itoe lenzi. Nirudishie ukungu wangu, ule nilikuwa nimeuzoea."

Daktari alimmulika kwa tochi. Alikuwa amesema "utazoea" kwa miezi, na miezi yote hiyo lenzi ilikuwa inanata kwenye kifuko chake ndani ya jicho. Kuing'oa sasa kungeondoka na jicho. Alizima tochi. Pete ya tochi ikamwangukia mapajani.

"Siwezi, kaka."

"Ulijua naendesha gizani."

"Nilijua."

Kaka aliuweka ufunguo mezani taratibu, kama yai.

"Basi chukua hiyo pete ukatundikie koti."

Jumatatu pete ilikuwa kwenye ukuta wa kliniki, na koti juu yake. Nesi aliuliza kama inafutwa kwa kitambaa kikavu au chenye maji. Akaingia mgonjwa, mlinzi wa ghala, akaliegemeza rungu lake mlangoni kwa adabu.

"Unapenda kusoma, mzee wangu?"

"Gazeti, nikilipata."

"Utaona karibu, kati na mbali."

"Na usiku, daktari? Maana kazi yangu ni usiku."

Daktari aliitazama pete. Ilikuwa inawaka vizuri tu, bila kuangaza kitu chochote.

"Utazoea," alisema, akanyoosha mkono kuchukua koti.