Bendera ya Mkwe Kwenye Kivuko cha Suma

Jaribio la pili nalo lilipoharibika, Injinia Nelson alivua kofia yake ya plastiki, akaipigiza pajani, akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba mfumo hauna kosa lolote, wenye kosa ni watu. Maneno hayo yalimchoma Atupakisye, maana "watu" wenyewe walikuwa yeye.

Reli ile mpya, ya kubebea majani ya chai na makaa ya mawe ya Kiwira, ilikata katikati barabara ya Suma. Kabla ya kuanza kazi ilipaswa kujaribiwa, na kivuko cha Suma kilipewa nafasi tatu. Kikishindwa zote, kingezibwa kwa uzio, na mtu wa Suma mwenye mgonjwa angelazimika kuzunguka mabonde mawili ndipo afike hospitali ya Makandana. Atupakisye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akakipigania kivuko hicho mpaka sauti ikamkauka. Wakampa kazi ya kukilinda. Na sasa ndiye aliyekuwa akikiua.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Treni ikikaribia, ashushe kizuizi, asogee kando ya reli, amtazame dereva usoni, ainue bendera: ya kijani kama njia ni salama, nyekundu kama kuna kitu relini. Dereva naye amtazame, ainue mkono. Dereva asipoiona bendera, anasimama. Mara zote mbili Atupakisye alishusha kizuizi vizuri kabisa. Kisha treni ilipochomoza kwenye kona ya shamba la chai, akajitanda khanga, akageuza mgongo, bendera ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Dereva naye akageukia upande wa pili, akawa anaikagua michai mmoja mmoja. Treni ikasimama. Watu wakaangaliana.

Dereva alikuwa mzee Ambindwile, baba mzazi wa mumewe.

Kwa Mnyakyusa aliyelelewa na bibi yake, hapo hakuna cha kueleza. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mwanamke anachepuka kwenye migomba mpaka mzee apite. Miaka kumi na mmoja Atupakisye amekaa ua mmoja na mzee huyo, na ukimwuliza sura yake ikoje, hajui. Cheka ukitaka. Yeye usiku kucha alijiapiza kwamba safari hii atatazama, na asubuhi shingo ikageuka yenyewe.

"Nani alikuwa anaendesha?" aliuliza Doreen, mkaguzi aliyetoka Dar es Salaam, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia namna watu wanavyoitumia mitambo.

"Yule," akajibu Atupakisye, macho chini.

"Yule nani?"

"Yule wa kwenye kichwa cha treni."

"Tunapoteza muda," Nelson alisema. "Mama huyu aondolewe, tulete mtu kutoka Mbeya. Na mzee naye akapumzike, macho yameshachoka."

Doreen alimwomba mzee Ambindwile ashuke, dereva mwenzake akapanda. Treni ikarudi nyuma, ikaja tena, bila kuhesabiwa kama jaribio. Atupakisye akamkazia dereva macho, bendera juu, mkono umenyooka. Doreen akamshika Atupakisye mkono, akamwingiza kibandani.

"Dada Atu, sikulaumu. Niambie tu."

Akamwambia yote, na alipomaliza akashangaa kwamba Doreen hakucheka.

"Basi tubadilishe zamu, usikutane naye," Doreen alisema.

"Haitasaidia, dada. Ukimwacha huyu aliyepanda sasa hivi, madereva wengine wawili ni ndugu zake, nao ni wakwe zangu vilevile. Ukiniondoa mimi ukamweka jirani yangu Atuganile, naye ameolewa hapahapa. Utatuondoa wangapi?" Halafu, kwa ujasiri ambao hakujua alikuwa nao, akasema, "Msitubadilishe sisi. Badilisheni kanuni."

"Kivipi?"

"Nyumbani mzee akija anakohoa langoni. Nikisikia, naweka chakula kwenye kigoda, nagonga sufuria kwa mwiko, naondoka. Akisikia sufuria, anaingia. Miaka kumi na mmoja hatujawahi kugongana. Sasa treni nayo si ikohoe?"

Doreen alichukua kalamu. Jioni hiyo Nelson alibisha mpaka akachoka: eti reli haiendeshwi kwa mambo ya jikoni. Doreen akamwuliza swali moja tu, kama dereva anahitaji kuona uso au bendera. Nelson akakubali wajaribu. Mzee Ambindwile alipopelekewa habari alijibu neno moja.

"Nitakohoa."

Wakajenga kiambaza cha mianzi kando ya kivuko. Aliye nyuma yake aliiona reli na barabara, dirisha la dereva hakuliona. Bendera zikafungwa kwenye fito ndefu, zichungulie juu. Treni ipige honi kwenye kona, bendera ijibu, honi ipige mara mbili kukubali.

Asubuhi ya jaribio la tatu ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani na mvua ikinyesha kama kawaida yake. Suma nzima ilikuja, miavuli na majani ya migomba vichwani. Honi ikalia konani. Atupakisye akashusha kizuizi, akaikagua reli, akaona toroli la ndizi limelala katikati ya njia. Nelson alikuwa ameliweka hapo bila kumwambia mtu, na kwa haki yake, maana jaribio ni jaribio. Atupakisye hakugeuza shingo. Hakukuwa na wa kumkwepa. Akainyanyua nyekundu mpaka visigino vikaacha ardhi.

Breki zikalia. Treni ikasimama hatua ishirini kabla ya toroli. Wanaume wakaliondoa mbio, kijani ikapanda, honi ikajibu mara mbili, na mzee akaipitisha treni Suma kwa mara ya kwanza. Vigelegele vikafunika mvua. Nelson mwenyewe alipiga makofi, kisha akamwomba Doreen karatasi ya kukipitisha kivuko ili aweke sahihi ya kwanza.

Mzee Ambindwile alishuka upande wa mbali, akasimama amekipa kiambaza mgongo, akamwita Doreen kwa sauti ambayo hata kiziwi angeisikia.

"Mwambie mke wa mwanangu! Miaka thelathini na sita nimeendesha treni. Sijawahi kuonyeshwa bendera vizuri namna hii. Ndaga fijo, asante sana!"

Nyuma ya mianzi Atupakisye alilia bila aibu yoyote. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Kisha akajifuta uso kwa khanga, akainua kizuizi, na watu wa Suma wakavuka.