Shuka, Dada

Alipomaliza kupanga mashuka safi ya hospitali nyuma ya gari, aliubamiza mlango kwa nyonga, kama alivyokuwa akifanya kaka yake, kisha akapanda kwenye usukani. Komeo la mlango ule lilikuwa kaidi. Ukilisukuma kwa mkono linakataa, ukilipiga nyonga linakubali, na siku nyingine linajifanya tu limekubali.

Pembeni yake alikaa shangazi, mpiga pasi wa pale pa kufulia walipofanya kazi wote wawili, aliyeomba kuteremshwa sokoni. Alikuwa ameshaanza kusema.

"Foronya, umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula nini? Hewa?"

Foronya ndilo jina walilompa kazini, kwa udogo wake, na kwa sababu hatoi neno mpaka umkung'ute.

Gari lilikuwa la kaka yake. Alilirithi kama mtu anavyorithi viatu, hakuna aliyeuliza kama vinamtosha. Kaka aliliendesha mpaka siku ile gari dogo lisilo na alama, lenye taa ya buluu ndani ya kioo, lilipomsimamisha kwenye barabara ya maghala pasipo na watu. Mlinzi mmoja, aliyekuwa nyuma ya ukuta, alisikia neno moja tu: "Shuka!" Kaka, mtoto aliyelelewa kuheshimu wakubwa, akashuka. Wale hawakuwa polisi. Walipoona gari limejaa nguo za kulalia wagonjwa, waliliacha. Kaka hawakumwacha.

Tangu hapo wenzake kazini walikuwa waangalifu. Shuka la kitandani hawakuweza kulikwepa, ndiyo riziki yao, lakini ngazi walikuwa wanateremka, na garini wanateremka. Mbele ya Foronya hakuna aliyeshuka. Hata utani wa kaka, aliokuwa akiupiga akifika getini hospitali, "Wauguzi wangu, mashuka yashuke!", ulizikwa naye.

Mjomba, trafiki mstaafu, alikuja baada ya mazishi. Alipanga vigoda viwili uani, akamkalisha Foronya cha mbele, yeye akakaa cha nyuma akijifanya gari.

"Nakuwashia taa. Unafanya nini?"

"Nasimama."

"Umekufa. Tena."

Akamfundisha mpaka jua likazama. Usikimbie, polisi wa kweli atadhani wewe ndiye mwizi. Punguza mwendo, washa indiketa zote mbili ajue umemwona. Nenda mpaka penye watu. Funga milango, mikono iwe juu ya usukani. Piga simu polisi uulize kama gari hilo ni lao. Kitambulisho utakisoma kupitia kioo. Foronya alijibu vizuri kila swali. Mama alikuwa amekaa kizingitini akiwatazama, na hakuna aliyesema kwamba somo limechelewa.

Sasa, mchana kweupe, walipopita daraja, kioo cha pembeni kikaonyesha gari la kijivu. Lilikuwa halina alama. Ndani ya kioo chake cha mbele taa ya buluu ilikuwa inazunguka.

Wanasema aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Yeye hakushtuka. Aliiona mikono yake ikibonyeza indiketa zote mbili, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine anayejua kazi yake.

"Wanatuita sisi?" shangazi akauliza.

"Ndiyo."

"Basi simama! Serikali haina mchezo, mwanangu."

"Tunakwenda kituo cha mafuta."

"Mafuta tunayo!"

"Funga mlango wako, shangazi. Chukua simu yangu, piga ile namba ya polisi."

Gari la kijivu likapiga honi, likaja ubavuni. Mwanamume aliyevaa shati la mistari alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti. Upepo ulikula maneno yote ukabakiza moja.

"Shuka! Shuka!"

Shangazi aliinamisha kichwa kama aliyerushiwa jiwe. Foronya alishika usukani na kuendelea polepole, magari mengine yakiwapita. Kifuani hakusikia kitu. Aliwaza tu kwamba mama hana mtoto mwingine wa kuliendesha gari hili.

"Haloo? Mwanangu, hujambo? Ni mimi hapa, shangazi yake."

"Shangazi ya nani, mama?" sauti ya kike ikauliza.

"Ya huyu anayeendesha! Kuna gari la kijivu linatufuata, lina taa, halina sare!"

"Nitajie namba zake."

Shangazi aligeuka, akazisoma kwa sauti ya mtu anayesoma dua.

"Msisimame pasipo na watu. Msikate simu, nauliza."

Kituo cha mafuta kilikuwa na watu. Foronya alisimama karibu na pampu, mbele ya wauza mafuta wawili na foleni ya bodaboda, akazima injini. Alipandisha kioo, akaweka mikono juu ya usukani. Mwenye shati la mistari alikuja mbio, akapiga paa la gari kwa kiganja.

"Shuka, dada! Shuka!"

Foronya alishusha kioo upana wa kidole.

"Sishuki, afande. Naomba nione kitambulisho."

"Nani kakwambia ushuke?"

"Wewe."

"Mimi nasema shuka! Shuka lako! Linaburuta huko nyuma, nusura liingie kwenye gurudumu la bodaboda! Tangu darajani nakupigia kelele!"

Muuza mafuta mmoja alichungulia nyuma ya gari, akaziba mdomo. Komeo lilikuwa limejifanya limekubali.

"Kitambulisho, afande," Foronya akasema tena, kwa sauti ileile.

Yule bwana alimtazama, akatazama mikono iliyotulia juu ya usukani. Hasira ikampungua. Alitoa kadi, akaibandika kwenye kioo, akaiacha hapo. Foronya alisoma jina polepole, herufi kwa herufi, kama alivyosoma alipoanza shule. Akamtajia shangazi, shangazi akaitajia simu.

"Ni wetu huyo," sauti ikasema. "Na gari ni letu. Mwambie dada amefanya vyema."

"Amefanya vyema, ananiua kwa presha," shangazi akajibu, akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichogeuka kulia kabla hakijafika popote. "Shuka! Ee Mungu wangu. Kaka yako angeanguka chini kwa kicheko."

"Angeanguka," Foronya akasema.

Afande alirudi nyuma hatua kadhaa, akaacha nafasi mbele ya mlango. Foronya akafungua mlango, akashuka.

Shuka lilikuwa refu, jeusi kwa lami, limechanika pindo. Alilishika ncha moja, shangazi akaja akashika nyingine. Walilikung'uta, wakalikunja kati, wakakutana, wakalikunja tena, kama kila siku.

"Hili linarudi majini," shangazi akasema.

"Linarudi."

Akaupiga mlango nyonga, kisha akauvuta kwa mkono kuhakikisha, na akauvuta tena.