Saa Iliyorudi Nyuma

Katika ofisi yao ya Casablanca, hakuna aliyeijua ile programu ya adhana kuliko Driss. Aliiandika yeye, ikaenea kwenye simu za watu, na sifa zikamlewesha. Ukimwonyesha kosa lake, alikuonyesha kwanza la kwako.

Mwishoni mwa Shaabani, Ghizlane, aliyekaa meza ya jirani, alimgeukia, akamwita "Si", yaani "Bwana" kwa desturi ya Wamoroko.

"Si Driss, Jumapili saa za nchi zinarudishwa nyuma kwa ajili ya Ramadhani. Programu yako inalijua hilo?"

"Dada yangu, mimi naandika programu tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu!"

Wenzao wakaangua kicheko. Ghizlane akatabasamu kidogo, akaendelea na kazi. Driss hakuikagua programu.

Saa zikarudishwa, programu ikabaki palepale. Siku ya kwanza ya mfungo iliadhini kwa kuchelewa saa nzima. Walioitegemea wakala daku alfajiri imeshaingia. Malalamiko yakafurika. Mkuu wao, Si Abdelhak, akawaita mezani.

"Nani aliyeipitisha hii?"

Jibu lilimfika Driss ulimini, akalimeza. "Kuijaribu ilikuwa kazi ya Ghizlane."

Ghizlane akamtazama. "Huna la kuongeza, kaka?"

"Niongeze nini?"

Ghizlane akalibeba lile kosa, akarudi kwenye meza yake.

Jioni ile Driss alifuturu kwa mama yake, Lalla Zhor, ambaye masikio yake hayaisikii tena adhana ya msikiti.

"Mwanangu, nimeambiwa simu zilikosea. Mimi nilikunywa chai kwa kuifuata programu yako. Itanibidi niilipe siku hii?"

"Itakubidi, mama."

"Nani kakosea?"

"Ni mambo ya kazini."

"Kazini kuna watu wengi. Nani?"

Driss akaweka kijiko chini. "Mimi."

"Haya. Kunywa supu yako ya harira, inapoa."

Driss alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka kirahisi. Akaapa kulisema ofisini. Lakini asubuhi, mbele ya wenzake, ulimi ukawa mzito; siku iliyofuata ukazidi. Kabla mwezi haujaisha, Ghizlane akaacha kazi. Driss alimkimbilia kwenye lifti.

"Ghizlane, kosa lilikuwa langu."

"Najua. Nilijua tangu siku ile."

"Namwambia Si Abdelhak sasa hivi!"

"Mwambie. Ila mimi nilikungoja pale mezani, kaka, si hapa."

Mlango ukafungwa. Driss akaenda moja kwa moja kwa mkuu wake, akaeleza yote. Si Abdelhak alivua miwani, akayafikicha macho.

"Ungelisema siku ile, tungelirekebisha na kukutania wiki nzima, basi. Sasa mwingine kama yule nitamtoa wapi?"

Akampigia Ghizlane papo hapo. Ghizlane alishukuru kwa adabu, akasema ameshaahidi kuanza kazi Rabat.

Driss akarudi kwa wenzake, akawasimulia akiwa amesimama. Alitamani hata mmoja amtanie. Waliitikia kwa kichwa, wakageukia kompyuta zao.