Duara Zisizo Katikati

Pale karakanani walimwita Mama Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, na hakuchukia. Ukiacha kijiko kimelala upande mezani kwake, atakinyoosha huku anaongea na wewe. Alikuwa fundi wa kukereza mbao, kuzichonga zikizunguka kwenye mashine, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna sinia wala bakuli lililotoka mkononi mwake likiyumba.

Asubuhi hiyo alimtangulia binti yake kufika kazini. Kwenye mashine ya kukereza alikuta ubao wa kuandalia chakula ambao binti aliuacha jana, mviringo, wa mtiki, bado umekazwa kwa skrubu kwenye sahani ya chuma. Ilikuwa kazi ya kwanza ya binti peke yake, mwanzo hadi mwisho. Saa sita mwenye duka la samani angekuja kuutazama. Ukimpendeza, angemtengea binti rafu yake mwenyewe.

Mama akainama. Usoni mwa ubao kulikuwa na duara tatu zilizochimbwa mfereji mwembamba, na hakuna hata moja iliyokaa katikati. Moja imeelemea kushoto, moja kulia, ya tatu imezikata zote mbili.

"Mama yangu! Ubao umemtelezea," alisema peke yake. "Na mwenyewe hata hakuona."

Angeweza kumpigia binti simu amuulize. Akashika patasi. Aliwasha mashine, akauparura uso wote mpaka duara zikaisha, akapiga msasa, akapaka mafuta. Ubao ukatoka laini kama ganda la yai, naye akajiona mama wa kupigiwa mfano.

Binti akaingia na chupa ya chai. Akasimama mlangoni.

"Mama, duara zangu ziko wapi?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Ubao ulikuwa umeteleza. Ungemwonyesha nini yule bwana, nyayo za kuku?"

Binti hakucheka. Alifungua skrubu, akaugeuza ubao. Mgongoni kulikuwa na matundu tisa, matatu matatu.

"Niliufunga mara tatu, kila mara mahali pengine, makusudi. Kila duara na kituo chake. Wiki nzima, Mama. Ulishindwa hata kuugeuza?"

Mama aliyahesabu yale matundu, akayahesabu tena. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angetazama nyuma kwanza. Yeye hakutazama kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari.

"Tuzichimbe upya," alisema. "Sasa hivi. Nishikie taa."

"Umebaki mwembamba kama kifuniko. Mfereji utatokea upande wa pili."

Ni kweli. Ubao ukishaupunguza, haurudi. Hilo Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti.

Mwenye duka alifika, akaupokea ubao kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku.

"Safi sana," alisema. "Lakini hii ni kazi ya Mama Pimamaji. Yake ninayo ya kutosha dukani."

"Ulikuwa na nakshi," Mama alidakia. "Nakshi ya binti yangu. Nimeifuta mimi, kwa ujuaji wangu."

Bwana yule aliwatazama wote wawili, akaona haya. "Pole, binti. Mimi nachukua ninachokiona. Utatengeneza mwingine."

"Nitatengeneza," binti alisema.

Bwana yule alipoondoka, binti alivua aproni, akaanza kufuta patasi zake moja moja na kuzipanga kwenye kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Kuna fundi ng'ambo ya barabara ana mashine isiyotumika mchana."

"Mashine yenyewe inatikisika kama mgonjwa wa homa!"

"Najua, Mama."

"Basi baki. Sitaigusa kazi yako tena. Naapa."

Binti alifikiri, tena alifikiri kweli; Mama alimwona. Halafu akafunga kitambaa.

"Utajaribu," alisema kwa upole. "Lakini mkono wako haujui kupita kitu bila kukinyoosha. Chai iko kwenye chupa, ina sukari."

Mama alibaki na ubao mapajani, umenyooka kila upande, na hakujua auweke wapi.