Nyumba Zinazoelea na Ukuta wa Mwenyekiti

“Usinipigie kigingi jikoni kwangu, nimeshasema.”

“Mama, hapa si jikoni. Kwenye ramani hapa ni njia ya mtaro.”

“Na sufuria hii inayochemka nayo ni mtaro?”

Mpima ardhi aliitazama sufuria, kisha ramani aliyoitandaza juu ya cherehani. Kwa haki, kila mmoja alikuwa na lake. Ramani ilichorwa kiangazi, nyumba za mtaa wa chini zikiwa zimetulia mahali pake. Tangu hapo mvua ilikuwa imenyesha, na nyumba ya Mama Pacha ilielea hadi uwanja wa pili, ikatua juu ya mstari mwekundu wa mtaro.

Kuelea kulianza mwaka ule mwenyekiti wa mtaa alipojenga ukuta wake katikati ya mkondo wa zamani. Maji ya kilimani yakakosa njia, yakateremkia yote mtaa wa chini. Mwanzoni nyumba zililowa na kuoza vizingiti. Baadaye, kama mtoto aliyetupwa majini, zikajifunza. Watu wakanunua kamba, kila nyumba ikafungwa kwenye nguzo ya umeme, na mvua ikikatika majirani waliulizana “Umeamkia wapi?” kama wengine wanavyojuliana hali. Mama mkwe wa Mama Pacha, ambaye ujanani hakusafiri hata mara moja, alikuwa na kiti chake maalumu dirishani.

“Mtaro siukatai,” Mama Pacha alisema, akipunguza moto. “Nautaka kuliko wewe. Nionyeshe tu unapoishia.”

Mpima akafuata mstari kwa kidole. Mtaro ulianza juu kilimani, ukateremka na lami mpya na bomba la maji safi, ukafika kwenye ukuta wa mwenyekiti, ukauzunguka kwa adabu, ukaishia kwenye kalvati. Mdomo wa kalvati ulitazama mtaa wa chini.

“Yaani mnatumwagia maji yale yale, ila kwa mdomo mpana zaidi.”

“Hiyo ni awamu ya kwanza, mama. Nyinyi ni awamu ya pili.”

“Lini?”

“Nyumba zikitulia. Nikuchimbie mlangoni leo, kesho mlango uko kwa jirani?”

“Zitatulia mkichimba.”

“Tutachimba zikitulia.”

“Mnatwanga maji kwenye kinu,” mama mkwe alisema bila kugeuka dirishani.

“Na ule ukuta?” Mama Pacha aliuliza. “Hausogei?”

“Ule hauelei,” mpima alijibu kwa masikitiko ya kweli. “Ni zege.”

Mvua ilianza kilimani. Dakika chache baadaye maji yaligonga kizingiti, na sakafu ikainuka polepole. Mpima akashika ramani isilowe. Mama Pacha akashika mfuniko wa sufuria.

“Hebu niambie, mwanangu. Nyumba ikikutwa huko juu, inaandikwa awamu gani?”

“Ya kwanza. Tunaandika kilichopo siku ya kupima.”

“Siku yenyewe ni lini?”

“Leo. Nikitoka hapa napanda huko.”

“Basi kaa, tutakufikisha.”

Alitoka, akafungua kamba kwenye nguzo, akaitupia begani. Wanawe pacha wakashika nyuma, na jirani wa mlango wa pili naye akaja. Nyumba ikiwa majini ni nyepesi kama kapu tupu, kwa hiyo walipanda nayo wakipiga soga. Baba Pacha, aliyekuwa amelala baada ya lindo la usiku, alichungulia, akauliza kama chakula kimeiva, akarudi kulala.

Walifunga kamba kwenye geti la mwenyekiti. Alitoka na mwavuli.

“Karibuni. Ila msinikwaruzie ukuta.”

“Tumeshakaribia,” Mama Pacha alisema.

Mpima alichora kijumba kwenye ramani.

“Bomba liingie sebuleni au jikoni?”

“Jikoni. Sebuleni nilifanyie nini?”

Akaandika jikoni. Penseli yake ilifika kwenye mdomo wa kalvati, ikasimama, ikaendelea. Mdomo ulibaki ukitazama chini, ambako maji yalikuwa yameshafika madirishani.

“Shoga,” jirani alisema, akiwatazama watu wa nyumbani kwake wakielea huko, “na sisi je?”

Mama Pacha alimgeukia mpima.

“Usikunje ramani.”

Akakunja mikono ya gauni, akazima jiko, akashuka na jirani kwenda kufungua kamba ya pili.