Hisa ya Ozias Tuttle

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wenye hisa za maktaba walikusanyika jikoni kwa Shemasi Peck, huko Connecticut, Marekani. Kabati la vitabu lilikuwa pembeni ya pipa la pombe ya tufaha. Kila kitabu kilichorudishwa, Shemasi alikipeleka dirishani, akakikagua ukurasa kwa ukurasa kutafuta matone ya nta ya mshumaa. Ukidondosha, unatozwa faini.

Mehitabel Tuttle akarudisha juzuu ya kwanza ya safari za baharini. Alikuwa akimsomea mumewe Ozias, huku mzee akimenya tufaha, mpaka Ozias akafa. Juzuu hiyo iliishia meli imekwama kwenye barafu na mabaharia wameanza kula viatu vyao.

"Nipe ya pili, Shemasi."

"Mama Tuttle, mwenye hisa lazima awe mwanamume, na hisa ni ya marehemu. Olewa na mwenye hisa, basi. Loomis hapo hana mke."

"Niolewe kwa sababu ya kitabu?"

"Vitabu vyangu mimi nakandamizia jibini," Loomis akasema. "Lakini jibini lenyewe tamu."

Mehitabel akapitia makaburini, akamweleza Ozias yaliyotokea, kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Kikao kilichofuata Ozias akaja mwenyewe, amevaa sanda yake. Akapangusa miguu mlangoni.

"Umechelewa, Ndugu Tuttle," Shemasi akasema.

"Njiani matope matupu."

Wakasoma kanuni. Zilitaka mwanamume, mwenye hisa, mwenye tabia njema. Kwa tabia, Ozias alikuwa amezidi kuwa mwema, maana pombe alishaacha. Akapewa juzuu ya pili. Jioni akakaa karibu na moto akimenya tufaha, Mehitabel akasoma, wakacheka sana nahodha alipopora soksi za mpishi. Sura ilipoisha, Ozias akarudi kulala kaburini.

Kitabu kiliporudi, Shemasi akakuta alama za vidole.

"Hii si nta. Ni udongo."

"Wa kwangu," Ozias akasema.

Wakapiga kura: udongo wa kaburini uhesabiwe sawa na nta.

Ozias akapiga miayo. Loomis akamwonea huruma. "Jamani, si tumpe mama mwenyewe kitabu, huyu mzee apumzike?"

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Shemasi akaweka kikombe chini. Mmoja akamuuliza Loomis kama ana homa.

"Basi, nimeyafuta," Loomis akasema.

Mwaka uliofuata walimchagua Ozias mwenyekiti, kwa kuwa hakukosa kikao hata kimoja. Siku hiyo theluji ilimwagika kweli. Mehitabel, kwa kuwa hakuwa na hisa, alisubiri nje ya dirisha, amemshikia mumewe koti na viatu vikavu. Ozias akaiinua juzuu mpya ya safari zile kwenye kioo ili mkewe auone ukurasa wa kwanza.

"Wametoka kwenye barafu?" Mehitabel akauliza kwa sauti.

"Wametoka!"

Mehitabel akapiga makofi pale pale kwenye theluji. Ndani, mwenyekiti akaomba kikao kiishe mapema, mkewe anapigwa na baridi. Hoja ikakataliwa.