Pua ya Dada Bhargavi

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mzizi, gome wala jani lililoingia kwenye kiwanda chetu cha dawa bila kupita puani mwa Dada Bhargavi. Mimi nilikaa kwenye mzani. Nikishapima, yeye huzamisha mkono mpaka chini ya gunia, hutoa konzi moja, hufumba macho, hunusa, kisha husema neno moja tu: "Ingia," au "Rudi." Wachuuzi walimwogopa kuliko polisi.

Mwaka ule Tabibu Parameswaran, mwenye kiwanda, aliamua kwamba kazi ya babu yake lazima iende na wakati. Masufuria ya shaba yakatolewa, yakaja mapipa ya chuma yanayojikoroga kwa umeme. Ukumbi wa nyuma, tulikozoea kula mchana, ukazungushiwa vioo ukawa maabara. Humo akawekwa Neethu, binti aliyesomea kemia jijini Kochi, mwenye miwani minene na asiyecheka na mtu.

"Huyo kaletwa kutuchunguza," Dada Bhargavi aliniambia. "Leo anapima mizizi, Appu. Kesho atatupima sisi."

Nilimwamini. Sote tulimwamini. Neethu akipita, mazungumzo yanakatika.

Wiki ya tatu akatoka na karatasi. Alikuwa amechukua ramacham, ile mizizi myembamba inayonukia kama udongo ulioloweshwa na mvua, akaichemsha kwenye vyombo vyake ili kuitoa mafuta.

"Kilo nzima, na hakikutoka kitu cha maana," akasema mbele yetu. "Hii imeshakamuliwa na watu wa manukato, ikakaushwa, ikauzwa tena. Nani aliipokea?"

"Mimi," alisema Dada Bhargavi. "Na ni nzima. Vichupa vyako ndivyo vibovu."

"Vichupa havisemi uongo, mama."

"Usiniite mama. Mimi ningekuzaa, ungekuwa na adabu."

Tukacheka mpaka basi. Neethu akarudi ndani, akafunga mlango.

Baada ya siku mbili alinifuata kwenye mzani nikiwa peke yangu. Alikuwa amepekua daftari la mapokezi. Magunia yote mabaya yalitoka kwa mchuuzi mmoja, Arumugam, wa upande wa Tamil Nadu.

"Kaka Appu, huyu Arumugam humletea nini Dada Bhargavi?"

"Chipsi za ndizi, wakati wa sikukuu ya Onam."

"Ndizi tu?"

Ile "tu" yake ilinikaa kichwani. Nikaanza kumtazama Dada Bhargavi kwa jicho jingine: anaongea na nani langoni, kafunga nini kwenye ncha ya sari yake. Sikuona zawadi yoyote. Niliona kitu kingine. Alhamisi alifungua chakula chake, mchuzi wa samaki umeoza kabisa. Wanawake waliokaa naye wakaziba pua wakahama. Yeye akachanganya na wali, akala tonge baada ya tonge, akauliza, "Nyie, mbona mnanikimbia?"

Sikupata raha tangu hapo. Kesho yake asubuhi nikasugua mvuje kwenye konzi ya ramacham, mvuje ule unaonuka hata ukiwa nyumba ya tatu, nikampa.

"Dada, hebu onja hii kwa pua. Nimeitoa chini ya gunia."

Alifumba macho, akanusa kwa utulivu wake ule ule. "Safi. Imechimbwa mtoni hii. Ingia."

Alipofumbua macho aliuona uso wangu. Akavitazama vidole vyangu, vimeshika rangi ya kahawia.

"Umeweka nini, Appu?"

"Mvuje."

Akakaa juu ya gunia. Akasema, "Tangu ile homa iliyonilaza kitandani. Mwaka wa pili huu. Nyumba ikiungua sitajua."

"Sasa unapokeaje mizigo?"

"Natazama uso wa mchuuzi. Akibabaika, namrudisha. Arumugam hababaiki." Akanishika mkono. "Ukisema, mimi nitakuwa nani hapa?"

Sikusema. Siku ya tatu tukaitwa ofisini kwa Tabibu, Dada Bhargavi, Neethu na mimi. Karatasi za maabara zilikuwa mezani.

"Bhargavi," Tabibu alisema, "Arumugam alikupa nini?"

Akatazama sakafu.

"Sema tumalize. Alikupa?"

"Alinipa," akajibu polepole. "Nisameheni."

Alikuwa radhi aitwe mla rushwa kuliko watu wajue pua yake imekufa. "Anadanganya!" nikapiga kelele. "Hakupewa chochote. Hasikii harufu, hata ya mvuje!"

Neethu akavua miwani. "Mbona hukusema, dada?"

"Ningemwambia nani? Wewe?"

Tabibu ndiye aliyepumua kwa nafuu. "Basi, yamekwisha. Arumugam asikanyage tena hapa. Bhargavi apumzike nyumbani. Na maneno haya yasitoke nje ya chumba hiki."

"Na chupa za dawa tulizokwisha kuuza?" Neethu akauliza.

"Chupa gani?"

Aliuliza haraka mno, na bila mshangao wowote. Nikakumbuka kwamba ni yeye aliyemleta Arumugam kwetu miaka miwili nyuma, na kutuambia huyu bei yake inatufaa. Wakati ule Dada Bhargavi ndio kwanza alikuwa ametoka kitandani. Je, Tabibu alijua?

Dada Bhargavi aliondoka bila kuniaga. Siku kumi na mbili baadaye gari la mkaguzi wa dawa likaingia kutoka Thrissur. Mkononi alikuwa na nakala za daftari la mapokezi, kwa mwandiko wa Dada Bhargavi, na nyuma yake matokeo ya maabara, kwa mwandiko wa Neethu. Wanawake hao wawili walikuwa wamekwenda kwake kwa basi moja. Kila chupa iliyopikwa kwa ramacham ile ikaamriwa irudishwe, na kiwanda kikafungwa wiki sita. Tabibu alitutazama mmoja mmoja. Kwangu macho yalikawia.

Wakati wa kufungwa nilikwenda nyumbani kwa Dada Bhargavi. Alikuwa akikuna nazi barazani.

"Umekuja kunijaribu tena?"

"Hapana, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinipima kama gunia, Appu." Akaingia jikoni, akarudi na chai. Niliinywa fundo moja. Maziwa yalikuwa yameungua. Nikamwona ananichungua usoni, vile alivyokuwa akiwachungua wachuuzi.

"Sema," akaniambia.

"Maziwa yameungua, dada."

Akaichukua glasi, akaimwaga uani. "Njoo usimame hapa jikoni," akasema huku akiwasha moto upya. "Yakianza kuungua, niambie."

Nikasimama karibu na sufuria.